Siku Tuliyoficha Vyerehani

Bango lilisimikwa mwanzoni mwa mtaa wetu, upande wa kutokea sokoni, na mimi nilikuwa wa kwanza kulipenda. Lilikuwa na picha ya mtaa huo huo wa zamani, ila kama umeogeshwa na kuvalishwa. Miti midogo imepangwa mstari, taa zina shingo ndefu, kuna viti vya kupumzikia, chini kumetandazwa vitofali vyekundu na vya kijivu, na watu wanatembea polepole kama hawana sufuria jikoni. Maduka yalikuwa yale yale yenye maua ya saruji juu ya milango, lakini rangi yake ilikuwa mpya. Kila asubuhi kabla ya kufika kazini nilisimama pale. Nilishachagua hata mti wangu.

Siku moja nikamvuta Fundi aje aone. Fundi ndiye aliyenifundisha kushona. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kana kwamba Singida nzima hakuna fundi mwingine. Alipandisha miwani yake, ile iliyofungwa uzi mweusi sikioni, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mbona sioni cherehani?"

"Picha ndogo, Fundi. Tumefichwa na miti."

"Miti yenyewe haiwezi kuficha hata kifaranga." Akageuka kurudi zake. "Haya Waziri wa Ndoto, njoo utie mkaa kwenye pasi. Kuna sare za shule zinakusubiri."

Hicho ndicho kilikuwa cheo changu barazani. Nilikipenda, siwezi kusema uongo.

Mimi na Fundi wote ni wa Unyambwa. Nilipoacha shule kidato cha pili, mama alinipeleka kwake na mfuko wa vipande vya kanga, akamwambia, "Kaka, huyu mtoto anaongea peke yake mashambani, labda sindano itamtuliza." Sindano haikunituliza. Nilijifunza kuongea huku nashona, basi.

Baraza lenyewe lilikuwa mbele ya duka la mama mmoja mjane, sote tulimwita Mama tu, anayeuza vitenge, vitambaa vya suti na nyuzi. Wakwe zake walitoka pwani zamani sana wakajenga pale. Tulikuwa na vyerehani vinne: cha Fundi, changu, na vya ndugu wawili waliotoka Ikungi. Hatukulipa pango. Mteja akija mikono mitupu tulimwingiza ndani akanunue kitambaa kwa Mama, na akinunua ndani Mama alimtoa nje apimwe na sisi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Baba mkwe wa Mama alikubaliana hivyo na Fundi kwa mdomo, siku hizo Fundi ana nywele, na mpango ukaendelea hivyo hivyo.

Kulikuwa na ngazi tatu za kupandia, nguzo za mbao, paa la bati, na ukuta mfupi upande upepo unakotokea. Huo ukuta ulikuwa mali. Upepo wa Singida wageni huushangaa, sisi tunagombana nao kila siku. Fundi akitandika kitambaa akate, aliweka vijiwe vitatu juu yake, laini kama mayai, alivyookota mwenyewe kando ya ziwa. Nyuma ya ule ukuta vijiwe vitatu vilitosha. Nje ya ukuta hata mawe ya kujengea yasingetosha.

Na wateja wake walikuwa wa pale. Mtu akishuka basi kutoka Ulemo na kanzu ya baba yake mkononi hakuulizia jina. Alielekezwa: duka la vitenge, ngazi tatu, mzee mwenye miwani ya uzi. Ukimhamisha Fundi pale, maelekezo yote ya mji yanaharibika. Nilikuwa nalijua hilo. Ndiyo maana mpaka leo sijui nilikuwa nawaza nini.

Watu wa mradi wa kukarabati mtaa, wenye lile bango, waliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Bwana mipango, kijana mpole wa shati jeupe, alieleza vizuri na mimi nilielewa kila neno. Baraza lenye watu wanaofanya kazi litabaki, litakarabatiwa, na waliopo wataandikwa majina. Baraza tupu litavunjwa ili waenda kwa miguu wapate njia. Alhamisi wataalamu watapita duka kwa duka kuona.

"Kuona nini?" Fundi akauliza.

"Kuona mtaa ulivyo, mzee wangu. Hali yake."

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Sasa sikilizeni nilivyolelewa. Kwetu mgeni akisikika anakuja, nyumba inapinduliwa. Uwanja unafagiwa mpaka unabaki na mistari ya ufagio, sufuria lililotoboka linaingia uvunguni, kuku wanafukuzwa. Hata bibi akiwa anaumwa anavalishwa gauni safi na kuambiwa, wakikuuliza sema hujambo. Mgeni anakuta nyumba ambayo hakuna anayeishi ndani yake. Akiondoka ndipo tunarudisha vitu na kuanza tena kuishi. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ni heshima, tunajua hivyo tu.

Basi Jumatano nilianza kazi. Nilimwambia Mama, Mama akafurahi, akatoa chokaa. Ndugu wale wawili wakapaka nguzo. Nilitafuta makopo ya rangi matupu, nikapanda maua. Halafu nikatazama vyerehani. Vilikuwa vizee, vimepakaa mafuta, kimoja kimefungwa na mpira wa baiskeli. Vipande vya vitambaa kila kona, pasi na majivu yake, ndoo ya maji, viatu vyetu. Nikaona aibu. Kweli kabisa, niliona aibu ya vitu vilivyokuwa vinanilisha.

"Tuviingize stoo ya Mama," nikasema. "Kesho mpaka saa sita tu."

Ndugu wa Ikungi walikubali. Fundi hakuinua kichwa.

"Wamesema wanakuja kuona kazi. Waone kazi."

"Wamesema wanakuja kuona mtaa, Fundi. Wakikuta uchafu huu watasema hatustahili."

"Uchafu?"

"Siyo hivyo. Namaanisha..."

"Unamaanisha hivyo hivyo." Akakata uzi kwa meno. "Mimi ninavyoketi hapa ni uchafu, eh? Waziri ana nyumba nzuri, hataki baba yake aonekane sebuleni."

Nilinuna. Nilinuna mchana kutwa, sikuimba, sikusimulia kitu. Yeye ndiye aliyeshindwa kuuvumilia ule ukimya. Jioni wakati wa kufunga aliinuka, akaweka vile vijiwe vitatu mfukoni, akashika cherehani chake upande mmoja.

"Shika huko. Ila kikikwaruzwa nakukata masikio nayafanya vifungo."

Tukacheka wote. Nilimpenda sana siku ile.

Alhamisi Fundi alikaa stoo na vyerehani, maana alikataa kuvaa shati la kutokea. Nilisikia akikohoa kule ndani. Wale ndugu walikwenda kunywa chai. Mimi nilisimama mlangoni na gauni la bluu nililoshonea harusi ya dada, na Mama akiwa nyuma yangu na tabasamu. Sakafu ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nimeimwagia maji na kuikausha mara mbili.

Wakaja. Bwana mipango hakuwepo. Walikuwa wageni watupu, wa mbali, na kati yao dada mmoja mpole mwenye kishikwambi. Alipanda zile ngazi tatu, akashika nguzo, akatazama juu, akasema, "Pazuri jamani." Nikasikia moyo unajaa. Akapiga picha. Akaandika. Halafu akaniuliza:

"Baraza hili huwa hivi siku zote?"

Alikuwa ananitazama machoni, anatabasamu, kama shangazi aliyeuliza kama tumeshakula. Na kwetu ukiulizwa na mgeni kama mmeshakula, unasema tumeshiba.

"Siku zote, dada," nikasema. "Karibu sana."

Akaandika. Nyuma, stoo, Fundi akakohoa. Nikainua sauti kidogo nikawasindikiza mpaka ngazi ya mwisho.

Mvua zikapita, zikaisha. Orodha ikabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya mradi. Fundi hakuweza kusoma maandishi madogo hata kwa miwani, akanishika bega. "Soma wewe. Anza na sisi."

Nilitafuta kwenye waliobaki. Hatukuwepo. Nikahamia karatasi ya pili, ile ya kuvunja. Duka la vitenge, lilikuwa la tatu kutoka juu. Mbele yake wameandika: baraza tupu, halina matumizi.

Nilifikiria kumdanganya, kusema bado hawajafika kwetu.

"Umemeza ulimi?"

Nikamsomea.

Watu walikuwa wanatusukuma kutafuta majina yao. "Tupu," Fundi akasema. "Kwa hiyo mimi ni upepo."

Tukaingia ofisini. Bwana mipango alimwamkia, "Shikamoo mzee wangu," akampa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Sikuona ubaya wowote kwake, na hilo linanisumbua, kwa sababu nimetafuta wa kumchukia na kila nikitafuta narudi mlangoni na gauni la bluu. Alifungua kompyuta, akaigeuza ituelekee.

Lilikuwa baraza letu. Nguzo nyeupe, maua kwenye makopo, sakafu kama kioo. Na mimi meno yote nje.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Na hapa chini mtaalamu kaandika: msichana aliyekutwa alithibitisha kuwa baraza huwa hivi siku zote."

Fundi alinigeukia. Hilo hakuwa analijua. Nilikuwa nimelificha, au tuseme sikuwa nimeliona kama kitu cha kuficha mpaka dakika ile.

"Mzee, mimi nakufahamu," bwana mipango akasema. "Hii suruali uliipunguza kiuno wewe. Lakini kuna mitaa watu waliazima vyerehani, wakaleta shemeji na wajomba wakae barazani siku hiyo waandikwe. Waliogundulika wamefutwa. Sasa leo mimi nikiongeza majina baada ya ukaguzi, na picha inaonyesha pako hivi, nitaonekana nimeingiza watu wangu."

Wengine waliazima vyerehani. Sisi tuliokuwa navyo tulivificha.

"Basi waonyeshe hiyo suruali," Fundi akasema.

Bwana mipango akacheka, halafu akaacha kucheka. Alisema tunaweza kuandika barua. Tuliandika, mimi ndiye niliyeandika, kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili. Mama naye akaweka sahihi kwamba sisi ni watu wake. Walitaka mkataba wa pango. Mkataba ulikuwa mdomoni mwa marehemu baba mkwe wake.

Siku ile ya kwanza, tulipokuwa tunataka kutoka, nilianza kulia palepale ofisini. Fundi akamwambia yule kijana, "Huyu alikuwa anapokea wageni. Ndivyo alivyolelewa." Alisema kwa sauti ya kunitetea kabisa. Tulipita sokoni, tukapita kwa wauza vitunguu, tukapita lile bango langu. Tulipofika kwenye ngazi akasimama chini, hakupanda.

"Ungeacha hata kimoja," akasema.

Kimoja tu. Alikuwa na maana cherehani.

Walivunja asubuhi ya jua kali. Haikuchukua muda. Nilidhani kitu kilichokaa miaka yote ile kitapigana kidogo, lakini nguzo zilitoka kama meno ya mtoto, na chokaa yangu ilikuwa bado juu yake. Wale ndugu walikuwa wameshahamisha vyerehani vyao kwa rafiki yao huko Ikungi. Ngazi zilipoondoka, mlango wa duka ukabaki unaning'inia juu, Mama akaweka tofali za kukanyagia ili wateja wasivunjike miguu.

Ndani kulikuwa na nafasi ya cherehani kimoja, kwenye kona ya nyuzi. Mama alitutazama mimi na Fundi. "Siwezi kuchagua," akasema. "Chagueni wenyewe."

Nikasema haraka, "Akae Fundi." Nililitaka kweli nililosema. Naapa nililitaka.

"Humo gizani nione nini?" Fundi akasema. "Macho yangu yanataka nje. Akae mtoto." Akaongeza, kwa ile sauti yake ya kuchokoza, "Yeye atawasha taa kwa ndoto."

Alipakia cherehani chake kwenye bajaji, akarudi Unyambwa. Kule anashona viraka vya majirani. Mtu wa Ulemo hawezi kuteremka stendi akaanza kuulizia njia za mashambani kwa ajili ya upindo wa kanzu. Huingia dukani kwa Mama, hutazama huku na huku, huniuliza, "Yule mzee alifariki?" Nasema hapana, yupo. Husema haya, basi nishonee wewe. Na mimi nashona. Kila nguo ninayoshona sasa hivi ni nguo aliyopaswa kushona yeye.

Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba mtaa umependeza. Ningependa niseme umeharibika, lakini ni mzuri. Vitofali vimelala sawasawa, taa zipo, watoto wanakimbia bila kuvuka madimbwi, maharusi wanakuja kupiga picha. Mti wangu niliouchagua kwenye bango upo, mahali pale pale, na umeanza kuchipua. Kuna siku najikuta nautabasamia kabla sijakumbuka. Halafu nakumbuka, na mdomo unakuwa kama nimelamba shubiri.

Pale lilipokuwa baraza wameweka kiti kirefu cha saruji. Ijumaa Fundi huja mjini kuswali, na akitoka huketi pale. Haingii dukani. Hukaa akitazama mlango, mimi namwona kutoka kwenye kona yangu, nampelekea maji, ananiita Waziri, anakunywa, anaulizia Mama. Hajawahi kuligusa tena lile jambo. Laiti angenigombeza, afadhali.

Ijumaa iliyopita mtu mzima mmoja alipita, akamtambua, karibu aangue kilio cha furaha. "Fundi! Kumbe upo!" Alikuwa amevaa kanzu mpya ndefu kupita kiasi, na ndani amevaa suruali na shati. Pale pale akaivua kanzu, akamwekea mapajani. Fundi akatoa sindano kwenye ukingo wa kofia yake, huwa haikosi, uzi ukiwa umezungushiwa. Akatoa vile vijiwe vitatu mfukoni, akavipanga juu ya kanzu pale kwenye kiti. Upepo ukaichukua kanzu na vijiwe vyote, kimoja kikadundia kwenye vitofali. Nilitoka mbio nikaidaka.

Nikakuta mgambo ameshafika. Kijana tu, mdogo hata kuliko mimi.

"Shikamoo mzee. Hapa ni pa kupumzikia."

"Marahaba. Napumzika."

"Na sindano?"

"Sindano ndiyo inafanya kazi. Mimi nimepumzika."

Mwenye kanzu akacheka kwa nguvu. Mgambo hakucheka, lakini nilimwona anauma mdomo. "Mzee, mimi nimeambiwa asiyekuwepo kwenye orodha asifanye biashara hapa. Ukianza wewe, kesho watajaa." Akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimetoka dukani, nikaonekana mwenyeji. "Dada, huyu mzee huwa anashona hapa siku zote?"

Aliuliza kwa upole, kama yule dada wa kishikwambi.

"Siku zote," nikasema. "Kabla wewe hujazaliwa. Kabla mimi sijazaliwa. Pale ulipokanyaga palikuwa na cherehani chake, na hapo pasi, na hapo mimi."

Nilikuwa napiga kelele. Watu walisimama. Ndilo jibu nililokuwa nadaiwa tangu Alhamisi ile, na lilitoka lote, na halikusaidia chochote. Yule kijana alitazama vitofali, akatazama mlango wa duka, haoni kitu, maana hakuna kitu.

"Mimi nimekuta kiti, dada," akasema taratibu. "Mzee, naomba uinuke tu. Wakinikuta nakuachia, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Fundi aliinuka. Aliokota vijiwe vyake kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni. Nilidhani anaondoka. Akasogea hatua mbili kutoka kwenye kiti, akasimama wima kwenye vitofali, akainua kanzu mbele ya macho yake.

"Kusimama kumekatazwa?"

Mgambo akafikiri. "Kusimama hapana."

"Basi." Akanitupia upande wa pili wa kanzu. "Kamata. Kaza, upepo usiingie."

Nikakaza. Upepo uliivimbisha ile kanzu katikati yetu, na yeye akashona upindo mzima kwa mkono amesimama, miwani imeshuka puani. Mgambo alitupa mgongo akajifanya anatazama taa. Fundi hakuinua kichwa mpaka alipokaribia mwisho, akang'ata uzi.

"Na safari hii," akaniambia, "akija mgeni, usimkaribishe."